Mshiriki wa Nne Anataka Jina Lake

Jumatatu mtaingia ofisini nyie wawili, na mimi sitakuwepo. Ma Leokadia ameniambia niwaandikie maelekezo ya kazi. Nilijaribu, nikafika nusu ukurasa nikachoka, maana maelekezo yenyewe mtayakuta kwenye kompyuta na wala hayaumizi kichwa: pokea makala, ficha jina la mwandishi, tuma kwa wahakiki, subiri, kumbusha, subiri tena, rekebisha, weka mtandaoni. Anayejua kusoma anaweza. Mimi nataka kuwaambia yale ambayo hayako kwenye kompyuta, na nitayasema yanavyonijia. Msinidai mpangilio.

Ma Leokadia ananiita mstaafu. Nimemaliza sekondari tu, nimekalia hicho kiti miaka saba, na sasa ndiyo naenda chuo. "Mstaafu wangu huyu," anawaambia wageni, "hata mvi hana." Lakini kazi hii inazeesha, wadogo zangu. Mtu asiye na subira kama mimi inamzeesha mara mbili.

Tuanze na kibao cha mlangoni, kwa sababu hicho ndicho kitakachowaletea watu. Jarida letu ni la utafiti wa ufuatiliaji, yaani nani anamwangalia nani, kwa kifaa gani, na yule anayeangaliwa anasemaje. Kamera za madukani, simu za wafanyakazi, mitambo ya alama za vidole, vyote vimo. Na ni jarida huria, hakuna anayezuiwa kusoma: profesa wa ng'ambo na muuza senene wa stendi wanaingia mlango mmoja. Sasa kibao kinasema UFUATILIAJI kwa herufi kubwa, na hayo mengine yote yako chini kwa herufi ndogo.

Wiki yangu ya kwanza akaingia kijana wa bodaboda, kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Dada, pikipiki yangu imeibiwa pale Kashai. Nifuatilieni."

"Sisi hatufuatilii, kaka."

"Kibao kinasema."

"Sisi tunawafuatilia wanaofuatilia."

Akaniangalia kama naumwa. "Sasa mwizi wangu anafuatiliwa na nani?"

Ma Leokadia akatoka chumba cha ndani, akamkalisha kwenye benchi, akampa kahawa ya kutafuna, akampigia simu mtu anayemjua stendi. Kama pikipiki ilipatikana sijui. Ila yule kijana mpaka leo tukipishana barabarani ananipungia mkono na kupiga kelele, "Vipi, usalama!" Mama zangu wa sokoni wakaanza kushusha sauti nikipita. Mzoee.

Ma Leokadia, kwa msiomjua, alifundisha chuo kikuu miaka mingi, akastaafu kweli, akarudi Bukoba kwenye migomba yake. Ndizi zikamchosha mapema. Akaanzisha jarida kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na ndiyo hiyo ofisi mnayoijua. Kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa za kutafuna, kiko juu ya kabati la kushoto. Kikiisha kijazeni siku hiyo hiyo. Mgeni haanzi kueleza shida yake kwa Ma kabla hajatafuna, na nyie msijibu barua pepe ya mwandishi mwenye hasira kabla hamjatafuna. Mimi nilijibu mbili bila kutafuna, na mmoja wa hao waandishi mpaka leo ananiita "yule binti wenu mkali".

Sasa hilo la kuficha majina. Mwandishi hatakiwi kujua nani anaihakiki makala yake, na mhakiki hatakiwi kujua ameandika nani. Labda kwa dunia nzima inawezekana. Kwa watu waliosoma seminari moja na kuoana wao kwa wao, hapana. Kuna makala moja ya Projestus, mtafiti mmoja kijana mtakayemfahamu kwa wingi wa jumbe zake. Nilifuta jina lake kila mahali, mwanzoni, mwishoni, hadi kwenye shukrani ambako alimshukuru paroko wake. Nikajisifu. Mhakiki akajibu siku hiyo hiyo: "Makala nzuri. Mwambieni Projestus apunguze haraka, na anisalimie mama yake."

Ma alicheka mpaka akavua miwani. "Koku, umefuta jina, hukumfuta mtu. Mtu amekaa kwenye sentensi zake."

Niliona ni maneno ya wazee tu. Baadaye yalinirudia.

Kitu kingine ni picha. Picha ya simu inabeba ndani yake mahali ilipopigwa. Nyie hamuoni, kompyuta inaona. Mwandishi anaweza kuficha jina la kijiji kurasa zote halafu akaweka picha ya mlango wa mtu, na picha ikasema kila kitu. Isafisheni kwanza. Na makala yoyote yenye habari za watu, msiisome kama wasomi. Isomeni kama jirani mbaya, yule anayetaka kujua ni nani aliyesema. Tafuteni jino lililong'oka, duka lililo peke yake njia panda, mwanamke pekee anayeendesha trekta. Mkimpata nyie, na jirani atampata.

Halafu kuna jambo lililotuaibisha sote. Siku moja fundi wa tovuti alikuja kutuonyesha, kwa furaha kabisa, kwamba anaweza kuona kila msomaji wetu yuko mji gani, anatumia simu gani, na kasoma mpaka wapi. Mimi nilifurahi. Nilianza kuona miji nisiyoijua. Ma Leokadia akasimama nyuma yetu.

"Hao wasomaji wanajua kwamba tunawaona?"

"Hapana, Ma," fundi akasema. "Ndiyo uzuri wake."

"Mbwenu! Yaani sisi tunaandika habari za watu wanaochunguliwa, na huku tunawachungulia wanaotusoma? Toa."

Fundi akatoa. Tangu siku hiyo hatujui nani anatusoma. Wafadhili wakiuliza, mwambieni Ma awajibu mwenyewe, ana jibu lake zuri.

Basi, nimezunguka vya kutosha. Ninalotaka kuwaambia hasa ni la kurudisha, maana najua ndilo mtakaloliona la kupoteza muda. Mimi pia niliona hivyo.

Kwetu makala ya utafiti haiwekwi mtandaoni mpaka irudishwe kwa watu walioongea ndani yake. Tunaandika muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili tatu, tunawasomea, wanasema tumewasikia vizuri au la. Kawaida mwandishi anakwenda mwenyewe. Lakini Projestus alipomaliza makala yake kubwa, ile ya kambi ya wavuvi, alikuwa anafundisha mbali na hakupata ruhusa. Ma akasema, "Koku ataenda."

"Ma, makala iko tayari. Wahakiki wamepitisha. Tupakie tu, halafu tuwapigie simu."

"Ukipakia ndipo uwaulize, utakuwa unawauliza nini?"

Nikafunga begi. Nilikuwa nimenuna tangu Bukoba mpaka Muleba, na kwenye boti nikanuna zaidi kwa sababu ya kutapika. Kisiwa chenyewe sikitaji. Visiwa vya Muleba ni vingi. Goziba ni kimoja tu kati ya hivyo, na wala sijasema ni hicho. Mwanamke nitakayewaeleza simtaji pia, na mpaka mwisho mtajua ni kwa nini. Kwenye makala aliitwa Mshiriki wa Nne.

Makala ilihusu kamera. Kwenye kambi ile kulikuwa na wizi wa kweli: mafuta ya mashine yalipotea, dagaa waliibwa juu ya chanja za kuanikia. Tajiri, ndivyo wanavyomwita mwenye boti na mwenye kambi, alisimamisha mlingoti mrefu, akafunga sola na kamera, na picha akawa anazipata kwenye simu yake hata akiwa nchi kavu. Wizi ukaisha. Kila mtu alimshukuru, na Projestus aliandika hivyo bila kuficha. Shida ni kwamba nyuma ya chanja kuna mawe, na kwenye mawe hayo ndiko wanawake wanakooga. Kamera ilikuwa inaona chanja, na mawe inayaona pia.

Nilifika saa ya kugeuza dagaa. Wanawake wakamaliza, wakaja kukaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa kwa ajili ya matengenezo. Kulikuwa na Wahaya, Wakerewe, Wajita, wengine kutoka mbali zaidi. Kiswahili tu ndicho kilichotuunganisha. Nikaanza kusoma kwa sauti ya darasani.

"Mshiriki wa Nne, mwanamke anayeanika dagaa, alisema: 'Kamera ilipokuja nilifurahi, maana dagaa wangu walikuwa wanaibwa. Sasa dagaa hawaibwi, ila mimi nikienda ziwani naoga na nguo zangu zote, kama mlokole anabatizwa.'"

Walicheka mpaka nikaacha kusoma. Na wote, bila hata mmoja kunyoosha kidole, wakageuka kumtazama mwanamke mmoja mwembamba aliyekuwa anachambua nyavu pembeni.

"Nne huyo!" mmoja akasema.

"Nne, tubatize na sisi!"

Kumbe Ma alisema kweli, mtu amekaa kwenye sentensi zake. Yule mama peke yake hakucheka. Akanisubiri niwe tayari kusikia.

"Binti, huyo Mshiriki wa Nne ni nani?"

"Ni... ni wewe, mama. Jina tumelificha. Ni kwa ajili ya kukulinda."

"Kunilinda na nani?"

Nikatazama mlingoti. Naye akautazama.

"Yule wa kamera? Yule ananijua mimi, mume wangu na masufuria yangu. Nilimwambia kwa mdomo wangu, baba, geuza hiyo kamera. Akaniambia, nani mwingine analalamika? Leo mmeandika, sawa, lakini maneno yangu mmempa Nne. Akisoma atasema hapa kambini hakuna mtu anaitwa Nne, ni wasomi wa Bukoba wametunga. Mimi sikuongea ili nifichwe. Weka jina langu."

"Mama, anaweza kukunyang'anya sehemu yako ya kuanikia."

Hapo kicheko kiliisha kabisa. Kila aliyeanika pale alianika kwa neno la tajiri, na wote walilijua hilo. Yule mama alikuwa na binti anasoma bweni nchi kavu, na chanja zile ndizo zilizomweka huko.

"Hilo ni la kwangu," akasema. "La kwako ni kuandika."

Jioni ile niliandika kwenye shajara yangu: "Huyu mama anatuchelewesha. Angekubali tu namba yake." Niliandika hivyo kweli, na nilipigia mstari.

Nilivyorudi Bukoba nikampigia Projestus, ambaye mkataba wake wa kazi ulikuwa unasubiri hiyo makala itoke.

"Koku, weka jina, weka namba, weka picha ya kuku, mimi sijali! Iweke tu mtandaoni, dada yangu, nakuomba."

Nikamwambia Ma kwamba mwandishi amekubali na mwenye maneno amekubali, kwa hiyo tumemaliza. Ma alikuwa anamenya ndizi za mchana. Hakuinua hata kichwa.

"Mlete hapa."

"Nani?"

"Mwenye maneno."

Dagaa wanavuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, boti zinalala, na watu wa visiwani wanatoka kwenda kusalimia ndugu. Kwa hiyo mwezi ulipokuwa mkubwa yule mama akaja, kavaa kitenge chake cha kanisani, kaleta dagaa kwenye ndoo ndogo. Ma akampokea mlangoni kwa salamu ya Kihaya, "Kasinge waitu, karibu," akamshika mikono yote miwili, akamwekea akamwani kiganjani. Wakatafuna. Mimi nilikuwa mezani najifanya napanga mafaili, na kwa kweli nilitaka kupiga kelele. Walianza na mvua. Wakaenda kwenye migomba. Wakahamia kwa binti wa shule, anafanyaje hesabu, na baada ya hapo Ma akaanza kuongea lile lililomleta mgeni.

"Mwanangu, nikwambie kitu changu. Zamani nilimwandika kijana mmoja muuza kahawa. Jina nilificha. Lakini niliandika ana kovu shavuni na anakaa karibu na daraja. Wale aliowasema wakamtafuta, wakampata. Alihama mji. Mimi nilipata cheo kwa makala ile."

Yule mama akafikiri. "Huyo kijana ulimuuliza kama uandike kovu?"

"Sikumuuliza."

"Basi mimi unaniuliza. Hatufanani."

Ma akaacha kutafuna. Nilifikiri amekasirika, kumbe alikuwa anakubali.

"Ni kweli," akasema. "Hamfanani. Kwa hiyo sikukatalii. Nakuomba kitu kimoja tu. Kule kambini ukisema jambo, unaona uso wa unayemwambia. Huku kwetu utasomwa na mtu usiyemuona, mwaka usioujua. Na tukishaweka hatuwezi kukimbia nyuma ya kila mtu tukufute. Rudi kambini. Pitisha giza moja zima. Mwezi ukiwa mkubwa tena, nipigie. Ukisema weka, nitaliandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, wala sitamwachia Koku."

"Giza zima!" Ilinitoka. "Ma, Projestus atakufa!"

"Hafi," Ma akasema.

"Hafi," yule mama naye akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka mara ya kwanza. Akageukia kwangu. "Binti, ile karatasi uliyotusomea, nipe moja."

Nikampa. Hakuna aliyemuuliza ya nini.

Giza lile lilikuwa refu kuliko yote niliyowahi kuyahesabu. Projestus alituma ujumbe asubuhi, akatuma na jioni. Nilianza kumjibu kwa upole, nikaishia kumjibu "bado". Na siku zilivyokwenda nikagundua kwamba sisubiri tena makala. Nilikuwa nasubiri kusikia kama yule mama bado ana mahali pa kuanika dagaa. Nikiamka nawaza zile chanja. Nikipita sokoni nikiona dagaa wazuri nawaza ni wa nani. Nilitaka kumpigia, Ma akanikataza. "Ukimpigia utamsukuma. Hata kama hujasema neno la jina, utamsukuma."

Alipiga mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, niko nyumbani Rubya, nimo kibanjani na mama yangu tunapunguzia migomba majani, mikono imejaa utomvu. Namba siijui.

"Haloo. Sema na Nne hapa."

"Nne gani?"

"Nne gani! Umenisahau? Si wewe uliyenibatiza?"

Nikakaa chini kwenye majani. Akaanza kunieleza, na anavyoeleza anacheka mwenyewe, nyuma yake nasikia wenzake nao wanachangia.

Mbalamwezi ilikuwa imerudi, boti zimelala. Tajiri akaja kutoka nchi kavu kwa kikao cha kambi, na safari hiyo alikuja na mkewe na mama mkwe wake, ambaye alitaka tu kuona kisiwa. Kikaoni yule mama akasimama na karatasi yetu, akaisoma yote.

"Tajiri akauliza, haya maneno kasema nani? Nikamwambia ni mimi. Akasema, mama wewe, kamera yangu haiangalii watu, inaangalia mali. Nikamwambia sawa baba, fungua simu na sisi tuione hiyo mali."

"Akafungua?"

"Si anajiamini! Akafungua, akawanyooshea wazee wa kambi. Kumbe mama mkwe, kikao hakimhusu, kaenda zake kwenye mawe kuosha miguu, kitenge kakipandisha mpaka huku! Koku! Yule baba aliitupa ile simu kama imemng'ata!"

Nyie ni watoto wa huku, mnajua. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hata benchi moja hawakai. Na wazee wote wa kambi wamemwona, na mkewe yuko pale pale.

"Akasemaje?"

"Aseme nini? Aliinamisha kichwa mpaka kikao kikafungwa. Kesho yake fundi kapanda mlingoti. Sasa hivi kamera inaangalia stoo ya mashine na chanja. Dagaa wanalindwa na sisi tunaoga."

"Na sehemu yako, mama?"

"Alininunia. Akipita kwangu anatazama ziwani. Juzi akanisalimia mwenyewe. Nipo pale pale, hata sasa naongea na wewe natengeneza chanja zangu."

Nikashusha pumzi mpaka mama yangu akauliza kama kuna msiba. Halafu nikauliza lile lililokuwa linaniwasha. "Mama, ulijua kama mama mkwe yuko kule kwenye mawe?"

"Mimi? Ningejuaje?" Akacheka sana, na wale wa nyuma wakacheka kuliko yeye.

Nikamwambia basi, Jumatatu Ma ataandika jina lake kama alivyoahidi.

"Ndiyo nimepigia hilo. Msiliweke."

"Mama! Giza zima tumesubiri hilo jina!"

"Mimi nilitaka yule baba ajue ni mimi. Ameshajua. Huko kwingine wana shida gani na mimi? Nina binti shuleni. Kesho keshokutwa wenzake waandike jina langu kwenye simu wakute habari za mama yake kuoga? Hapana. Hao wanaosoma huko kwenu ni akina nani?"

"Hatuwajui, mama. Tulitoa kile kitu kinachowaangalia."

"Hamwajui? Vizuri. Na wao wasinijue." Nikasikia upepo kwenye simu. "Tena hapa kambi nzima wananiita Nne tangu siku ile uliyotusomea. Watoto, wavuvi, mpaka tajiri juzi kaniita hivyo. Kwa hiyo wa hapa akisoma atajua. Liacheni Nne, ni langu."

Namba yake ninayo. Sitawaachia, wala msiitafute kwenye makaratasi ya Projestus. Mkiwa na shida naye niambieni mimi, nitamuuliza yeye kwanza. Projestus, kama mnataka kujua, hakufa, na mkataba alipata. Anatuma jumbe bado.

Jumatatu ile niliwahi ofisini, nikamweleza Ma yote. Nilipofika kwenye mama mkwe ilibidi Ma ashike meza kwa kucheka. Akaniambia nifungue makala, nimpishe kiti. Nikafikiri anataka kuisoma tu. Akatafuta ile sehemu kwa taratibu zake, kidole kimoja kimoja. Akafuta "Mshiriki wa Nne". Akakaa akitazama pale palipobaki wazi. Halafu akaandika upya, herufi baada ya herufi: Mshiriki wa Nne.

"Ma, si ni kile kile kilichokuwepo?"

"Nilimwambia nitaliandika kwa mkono wangu." Akainuka, akanirudishia kiti. "Haya, wewe mwenye haraka. Pakia."

Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe. Nikautoa.

"Subiri kidogo, Ma," nikasema. "Nisome tena kwanza."